Mteja wa yadi hakosi akili

Makala iliyotetea yadi za magari za Nairobi inadai kwamba mteja anayelalamika baada ya kutoa gari lake kuukuu na kuongeza pesa ili apate jingine, hajui soko. Si kweli. Kila mwenye gari anajua thamani hushuka. Kinachomuudhi ni kusubirishwa funguo za gari lake zikiwa kwa muuzaji, kisha kutupiwa bei bila kuelezwa ukaguzi ulibaini nini.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mteja haki ya kupata taarifa anazohitaji.

Zito zaidi ni umiliki. Yadi isipokamilisha uhamisho wa gari hilo kuukuu kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama, gari hubaki kwa jina la mmiliki wa zamani, na likivunja sheria barabarani, anatafutwa yeye. Makala haikuligusa hilo hata kwa sentensi moja.