Maboksi Matatu ya Marehemu



Mwezi uliopita tuliitwa na jamaa wa marehemu mmoja wa mtaani kwetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, tukayachukue maboksi matatu yaliyokuwa chini ya kitanda chake. Wanawe hawasomi Kiswahili. Walituambia kwa adabu kwamba tusipoyahitaji yatakwenda jalalani.

Tulidhani tutakuta vitabu vya dini peke yake. Vilikuwamo, naam, na juu kabisa ilikuwa Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile tafsiri ya mwaka 1969, kurasa zimelainika kwa kushikwa. Boksi la pili tukamkuta Bwana Msa! Kilikuwa ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, jalada halipo. Mlikuwamo pia Kusadikika cha Shaaban Robert, Kuli cha Adam Shafi, nakala za Mambo Leo zilizofungwa kwa uzi, na majarida ya mishono ya nguo, ambayo bila shaka yalikuwa ya bibi yake. Mmoja wetu alikaa sakafuni kumwangalia Bwana Msa kidogo tu. Alipoinuka, alasiri ilikwisha adhiniwa.

Palizuka mjadala. Wapo waliotaka vitabu vya dini viwekwe kabatini madrasa, na hadithi zirudishwe zilikotoka. Hatukuafiki. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, aliandika Kiswahili na Kiarabu bega kwa bega, na pamoja na dini alizungumza elimu na siasa. Ni kweli si kila kitabu kimfaacho mtu mzima humfaa mtoto. Basi na tuchague, lakini kuchagua si kutupa.

Kabati sasa lina rafu mbili, na ufunguo uko kwa mwalimu wa madrasa kila Ijumaa baada ya sala.

Kijana mmoja wa miaka 15, ambaye babu yake alibeba mizigo bandarini Unguja, aliposikia kwamba Kuli kinasimulia mgomo wa mwaka 1948, aliuliza kama kipo kwa Kiingereza. Tulimpa hicho hicho, tukamwomba mama yake akae naye. Wiki iliyopita alikirejesha, maneno yamepigiwa mistari kwa penseli mpaka ukurasa wa 9, kisha pale pale akakiazima tena.