Theluji ya London na mashine zilizolala stoo

Jumatatu ya tarehe 2 Februari 2009 mabasi yote ya jiji la London yaliondolewa barabarani kwa sababu ya theluji. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, uwanja wa ndege wa Heathrow nao ulikwama, na safari zaidi ya 4,000 zikafutwa katika siku tano. Uchunguzi ukafanywa chini ya Profesa David Begg, na mwaka 2011 kampuni iliyomiliki uwanja huo ikatangaza mpango wa pauni milioni 50 wa kujiandaa vizuri zaidi.

Kwa hiyo vigogo wa Heathrow walipata somo lao. Swali letu leo linawahusu walalahoi. Wanaosafisha theluji alfajiri kwenye milango ya hospitali, maegesho ya magari na viwanja vya shule ni vibarua, na miongoni mwao wamo ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki, wale ambao huko nyumbani mnawaita wabeba maboksi.

Tuliwahi kuwa miongoni mwao. Asubuhi moja msimamizi alitutolea stoo mashine ya kurusha theluji, akatuonyesha kamba ya kuwashia, akaondoka. Baada ya kuhangaika sana ikawaka, lakini hatukufika mbali kabla haijaziba. Tukazima injini na kuinama ili tutoe theluji kwa mkono. Mzee mmoja Mkenya, aliyewahi kuishi Canada, akatushika bega: "Toa mkono, ndugu yangu. Hiyo hata ikizimwa bado ina nguvu." Akachomeka mpini wa ufagio. Theluji ilipoachia tu, chuma kikazunguka ghafla na mpini ukamtoka mikononi. Ule mpini ungeweza kuwa vidole vyetu.

Kwa wasioijua, mashine hii ina parafujo kubwa ya chuma inayokusanya theluji mbele, na nyingi zina feni inayoirusha pembeni kupitia bomba. Theluji ikikwama, mvutano hubaki ndani ya mkanda na vyuma hata injini ikiwa kimya. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni kuzima injini, kungoja kila kitu kisimame, kuchomoa waya wa plagi, kisha kuzibua kwa fimbo. Mkono hauingii humo kamwe, hata ukiwa na glavu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Toronto au Minneapolis, London theluji yenyewe huja kwa kubahatisha. Sisi tunasema hapo ndipo hatari ilipo. Kwanza, theluji ya hapa mara nyingi ni ya majimaji, na hiyo ndiyo huziba bomba upesi kuliko ile kavu ya nchi za baridi kali. Pili, mashine hulala stoo hata miaka miwili au mitatu, petroli ikachacha na kugandia kwenye kabureta. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, ambayo huvuta unyevu, hivyo kuiacha ndani ya tangi ni kuiharibu mashine. Tatu, siku ikihitajika, aliyeijua keshahama kazi, anakabidhiwa mgeni.

Dawa yake si ghali. Msimu ukiisha, petroli imwagwe mahali panaporuhusiwa au injini iachwe iimalize iliyobaki. Kabla ya baridi kuanza, oili, mkanda na boliti vikaguliwe. Swichi au mpini wa usalama unaosimamisha parafujo usifungwe kamba hata siku moja. Injini isiwashwe ndani ya stoo, kwani moshi wake una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu. Petroli iongezwe injini ikiwa imepoa. Na kabla ya kuanza kazi, mawe na waya viondolewe njiani, watu wasogee mbali, bomba lisielekezwe kwa mtu.

Sheria nayo iko upande wa kibarua. Kanuni za mwaka 1998 kuhusu vifaa vya kazi zinamtaka mwajiri ahakikishe mashine imetunzwa na anayeitumia amefundishwa. Aidha, sheria ya ajira ya mwaka 1996 inamlinda anayekataa kazi akiamini, kwa sababu za msingi, kwamba ipo hatari kubwa iliyo karibu. Tangu tarehe 31 Mei 2021 kinga dhidi ya kuonewa kwa sababu hiyo inawahusu pia vibarua wengi wasio waajiriwa kamili. Wengi wetu hatuyajui haya, tunaogopa kunyimwa zamu ya kesho, tunanyamaza.

Huko nyumbani hakuna theluji, lakini ugonjwa ni ule ule. Nani hajaona mashine ya kusaga unga yenye mkanda usio na kinga, au jenereta inayokumbukwa siku umeme unapokatika? Tunanunua mashine kwa mbwembwe, halafu hatuweki fungu la oili wala la kumfundisha kijana atakayeiendesha. Ajali ikitokea tunasema ni kazi ya Mungu.

Tunawashauri ndugu zetu wa hapa: ukikabidhiwa mashine usiyoijua, omba ufundishwe kwanza. Mshahara wa asubuhi moja haununui kidole.