Motokari ikijipiga freni bure, nani analipa?

Saa kumi na moja ya asubui, mu Kalebuka, Kasapa ao Kisanga, bantu ba posti ya kwanza banasimama kando ya barabara kungojea basi ya kampuni. Mushoferi anayebabeba anajua barabara za Annexe vizuri: vumbi wakati wa kiangazi, mashimo yenye kujaa maji wakati wa mvua, pikipiki bila taa, kamio nzito inayomufwata nyuma karibu karibu. Huyo mushoferi anapiga freni akiona sababu. Lakini sasa kuko motokari zinazojipiga freni zenyewe, na mara ingine sababu haiko.

Tuanze na kesi yenye kujulikana zaidi. Mu mwezi wa pili 2022, shirika la Marekani linalochunga usalama wa barabara, NHTSA, lilifungua uchunguzi juu ya motokari za Tesla, Model 3 na Model Y za 2021 na 2022. Motokari karibu 416.000 ziliguswa. Mu miezi tisa tu, bashoferi 354 balikuwa bameleta malalamiko ya namna moja: uko mu barabara kubwa, msaada wa kuendesha umewashwa, mbele hakuna kitu, na kwa rafla motokari inapunguza mwendo kwa nguvu. Miezi michache mbele, malalamiko yalipita 700. Wakati uchunguzi unafunguliwa, shirika halikuwa na habari ya mutu aliyeumia. Na si Tesla peke yake: mwezi ule ule, NHTSA ilifungua uchunguzi kama huo juu ya Honda, kwa motokari karibu milioni 1,7.

Juu ya nini inafanya vile? Motokari haina macho kama yetu. Iko na kamera nyuma ya kioo cha mbele, na nyingi ziko na rada pia. Rada inatuma mawimbi na kusikiliza yanayorudi. Chuma kinarudisha mawimbi kwa nguvu: daraja linalopita juu ya barabara, kibao cha barabarani, sahani ya chuma iliyolazwa juu ya shimo. Rada nyingi hazijui vizuri kama kile chuma kiko juu, chini, ao mbele kabisa. Kamera nayo inaweza kudanganywa na kivuli, jua la jioni, moshi, vumbi. Tesla ilitangaza mu mwezi wa tano 2021 kwamba inaondoa rada mu Model 3 na Model Y za Amerika ya Kaskazini, na kubakia na kamera tu. Malalamiko mengi yalikuja nyuma ya pale.

Mutu anaweza kusema: basi, izimwe, tumalize. Hapa njo pahali pa kuwa na akili, juu hatari iko pande mbili.

Tarehe 18 mwezi wa tatu 2018, mu Tempe, mji wa jimbo la Arizona, motokari ya majaribio ya Uber iligonga mwanamuke aliyekuwa anavuka barabara usiku na kinga yake. Alikufa. Ile motokari ilikuwa Volvo, na Volvo ilitoka ku kiwanda na freni yake ya kujipiga. Lakini ilikuwa inazimwa kila mara mashine ya Uber inaendesha. Tena Uber balikuwa bameweka mu programu yao muda wa sekunde moja ya kungojea, juu mashine isifunge freni bure bure mu barabara. Wachunguzi ba NTSB balieleza hayo yote mu 2019. Ni kusema: kwa kuogopa freni ya bure, balichelewesha freni ya kweli.

Na nani alilipa? Mwendesha mashitaka alisema mu 2019 kwamba hakuna musingi wa kushitaki kampuni kwa makosa ya jinai. Mwanamuke aliyekaa ku usukani, kazi yake kuchunga mashine, alikuwa anaangalia video ku simu. Yeye njo alishitakiwa, na mu 2023 akakubali kosa na kupewa miaka mitatu ya kuchungwa bila kufungwa. Kosa lake lilikuwako, hatukatai. Lakini wale walioamua kuzima freni na kuweka ile sekunde, hakuna aliyesimama mbele ya hakimu.

Sasa, ba papa na ba mama ba mugodi munauliza: hiyo inatuhusu nini siye? Inatuhusu kwa njia tatu.

Ya kwanza, biashara. Betri nyingi za motokari hizo ziko na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka mu udongo wa Katanga yetu. Mununuzi akipoteza imani na motokari, mwisho habari inafika mpaka huku.

Ya pili, barabara yetu. Motokari za mitumba kutoka Japani, zinazoshuka bandarini Dar es Salaam na kuingia kwa Kasumbalesa, sasa ziko na hiyo mitambo. Toyota ilianza kuweka Safety Sense mu motokari zake tangu 2015. Kioo cha mbele kikipasuka na kubadilishwa bila kamera kupangwa upya na chombo chake, kamera inaangalia pembeni. Parashoki ikigongwa na kunyooshwa kwa nyundo, rada inaweza kupotea vile vile. Mu barabara ya Likasi ao ya Kasumbalesa, ukijipigiwa freni bure, hatari kubwa iko nyuma yako: kamio yenye kubeba shaba ao asidi haisimami sawa motokari ndogo. Kwa hiyo, taa ya mutambo huo ikiwaka ku dashibodi, usiiachilie. Pangusa vumbi ku kioo mbele ya kamera na ku alama ya mbele. Na weye wa nyuma, acha nafasi.

Ya tatu njo nzito kuliko zote: mugodi wenyewe. Mu Afrika ya Kusini, tangu tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 2022, sheria inadai mashine za dizeli zinazotembea mu migodi ziweze kupunguza mwendo na kusimama zenyewe zikiwa karibu kugonga mutu ao mashine ingine. Hapa Kongo, ku mugodi wa zahabu wa Kibali, mu Haut-Uélé, mashine za kubeba mawe chini ya udongo zinatembea bila mutu ndani, bantu banazichunga kutoka juu. Teknolojia hii haitabakia kule. Makampuni ya Lualaba na Haut-Katanga yananunua mashine ku viwanda vile vile.

Tuseme kweli: mashine inayosimama yenyewe mbele ya mutu ni kitu kizuri. Bajane na mayatima ba migodi banajua bei ya mashine isiyosimama. Lakini mu mugodi kuko vumbi, maji, kuta za mawe karibu, chuma kila pahali. Ni mahali pa kuidanganya rada. Ikisimama bure mara kumi mu posti moja, tani zinapunguka, na primu inafwata tani. Shefu atauliza mushoferi: «Juu ya nini umechelewa?» Na mushoferi, kwa kuogopa, atafunika rada na kipande cha skochi ili amalize kazi yake. Siku ile mwenzake anapita mbele, mashine haitamuona.

Kwa sababu hiyo, swali la nani analipa liulizwe mbele ya mashine kufika. Sheria ya kazi ya 2002 inalazimisha makampuni kuwa na komite ya usalama na usafi wa kazi, na bafanyakazi bako na bajumbe ndani. Badelege ba sindika bapeleke pale mambo matatu. Kila kusimama bure kuandikwe mu kitabu, saa na pahali, bila malipizi kwa aliyeandika. Tani zilizopotea kwa kosa la mutambo zisiondolewe mu primu ya mushoferi. Na hakuna mutu, hata shefu, aruhusiwe kuzima mutambo peke yake bila komite kujua na bila kitu ingine cha kuchunga bantu kuwekwa pahali pake.

Mu Marekani, bashoferi 354 balisikilizwa juu balisema na habari yao ikaandikwa pahali pamoja. Huku kwetu, mushoferi anayesumbuliwa na mashine yake anaeleza bibi yake nyumbani, na mambo yanaishia pale. Kitabu cha komite hakigharimu kitu, na kinaweza kuanza hata na mashine tulizo nazo leo.