Fani Zinazofanana na Hizo

Siku chache baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka, mzazi mmoja wa mtaani kwetu alinisimamisha njiani. Binti yake amefaulu mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) na amekataa ushauri wa wajomba wote: anataka kuomba shahada ya jiografia na mazingira. "Mwalimu," akaniambia, maana bado ananiita hivyo ingawa chaki niliiweka chini miaka mingi iliyopita, "mimi sina ugomvi na jiografia. Nataka kujua tu, akimaliza atakula wapi? Na hilo deni la Bodi ya Mikopo atalilipa kwa fedha ipi?" Sikumjibu pale pale. Nilirudi nyumbani nikachukua karatasi na kalamu, na toleo hili lilianzia hapo.

Tuanze na deni, kwa kuwa linatajwa kwa hofu kubwa na kupigiwa hesabu mara chache. Chukua mwanafunzi aliyepata mkopo kamili. Posho ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wenyewe wanaiita bumu, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa siku 240 za masomo hiyo ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, na 7,200,000 kwa miaka mitatu. Ongeza ada, tuseme shilingi 1,000,000 kila mwaka, upate 10,200,000. Vitabu na mafunzo kwa vitendo nimeviacha makusudi ili hesabu ibaki nyepesi. Sheria inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mhitimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 atakatwa 120,000 kwa mwezi, na deni litaisha baada ya miezi 85, yaani miaka saba na mwezi mmoja. Mshahara ukipanda, litaisha mapema zaidi.

Zamani hesabu hii ilikuwa chungu kuliko hapo. Palikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Kwa deni hilo hilo, tozo ya mwaka wa kwanza ingekuwa shilingi 612,000. Maana yake, katika kila 120,000 alizokatwa mhitimu, 51,000 hazikugusa deni lenyewe. Rais Samia Suluhu Hassan aliifuta tozo hiyo mwaka 2021, na wanaolipa mikopo leo wanajua walitua mzigo gani.

Sisemi asilimia 15 haiumi. Inaumiza, hasa ikiwa juu yake kuna kodi, asilimia 5 ya pensheni na asilimia 3 ya bima ya afya, na huko kijijini kuna wadogo wanaosubiri ada kutoka kwa dada mwenye kazi. Lakini inaumiza mtu aliye kazini. Deni la jiografia linalipika. Kinachomla mhitimu wa jiografia ni miaka ya kungoja, na miaka hiyo haimo katika taarifa yoyote ya mkopo.

Mlango mkubwa wa msomi wa jiografia umekuwa darasa siku zote. Kila sekondari inafundisha somo hili, na kwa muda mrefu aliyetoka chuo na cheti cha ualimu wa historia na jiografia alipangiwa kituo bila kuuliza mara mbili. Hali hiyo imepita. Ajira za walimu zinapotangazwa, sayansi na hisabati zinatangulia; hata katika kugawa mikopo, ualimu wa masomo hayo umepewa kipaumbele. Sina kinyongo na hilo, shule zetu kweli hazina walimu wa fizikia. Ila matokeo yake ni kijana wa jiografia anayepiga tempo shule binafsi kwa malipo yanayotosha nauli na sabuni, au anayejitolea shule ya kata akiamini kwamba kujitolea kutamsogeza mbele kwenye foleni. Akingoja miaka minne kwa mshahara ule ule tulioufanyia hesabu, amekosa shilingi 38,400,000. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya deni lake lote. Mzazi anayeogopa deni la Bodi anaogopa kitu kidogo na kukiacha kikubwa.

Nje ya darasa kuna kikwazo kingine, na aliyewahi kusoma matangazo ya ajira za serikali anakijua. Tangazo linataja shahada ya mipango miji, shahada ya upimaji ardhi, shahada ya sayansi ya mazingira, kisha linamalizia: "au fani zinazofanana na hizo". Mwanajiografia anaishi ndani ya maneno hayo matano. Mpangaji miji ana bodi inayomsajili, mhandisi ana yake, mthamini ana yake. Msomi wa jiografia hana wa kumsemea mbele ya kamati ya usaili, na hatima yake inategemea kama msomaji wa vyeti anajua alichosomea. Mara nyingi hajui. Anakumbuka tu mistari ya longitudo na aina za milima aliyoikariri kidato cha pili.

Na hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu kazi yenyewe ipo na nchi inaihitaji kila siku. Mwaka 1967, chuo kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha ofisi ya kutathmini rasilimali na kupanga matumizi ya ardhi, BRALUP. Nchi changa iliona kwamba haiwezi kupanga maendeleo ya ardhi isiyoijua, na wanajiografia wakaitwa. Ofisi hiyo ndiyo iliyozaa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali ya leo.

Tangu wakati huo mahitaji yameongezeka. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka na wakazi kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko, wakachora mitaro, vichochoro na nyumba ambazo hazikuwa kwenye ramani yoyote. Zanzibar mwaka uliofuata ikaanza kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, iliyotupa idadi ya watu 61,741,120, isingewezekana bila kwanza kuigawa nchi nzima katika maeneo ya kuhesabia, mpaka kwa mpaka. Mtu aliyeona karani na kishikwambi mlangoni hakuiona kazi ya ramani iliyotangulia.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu za mji wa Katesh, makumi ya watu wakafa. Swali la nani amejenga chini ya mteremko upi, na maji ya mlima yanapita wapi mvua ikizidi, ni swali la jiografia tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Tuna mabonde tisa ya maji yenye bodi zake, tuna vijiji zaidi ya 12,000, na vingi bado havina mpango wa matumizi bora ya ardhi. Wakulima na wafugaji wanaumizana kwenye mipaka ambayo kijana mwenye shahada, kipokezi cha GPS na kompyuta angeweza kuichora pamoja na wanakijiji wenyewe.

Basi kwa nini kijana huyo yuko nyumbani? Serikali ina sehemu yake, lakini vyuo vina sehemu kubwa zaidi. Bado kuna mhitimu wa jiografia anayemaliza miaka mitatu akiwa ameandika insha nyingi kuhusu mifumo ya taarifa za kijiografia na kuigusa kwenye kompyuta mara chache, kwa zamu, watu watano kwa mashine moja. Mtu hulipwa kwa ramani aliyoitengeneza. Programu ya QGIS ni ya bure, na picha za satelaiti za Landsat na Sentinel ni za bure. Chuo kinachotoa shahada ya jiografia bila kumlazimisha kila mwanafunzi aondoke na ramani kumi alizozichora mwenyewe za mahali halisi, kinachukua fedha za mkopo wa mtoto wa mkulima na kumrudishia jina tupu. Naandika hivi nikijua wapo wakuu wa idara watakaokasirika.

Mzazi yule nimemjibu hivi. Binti aende. Lakini kabla ya kujaza chaguo la kwanza, aulize kila idara kuna kompyuta ngapi za ramani, wiki ngapi za kazi ya nje, na waliohitimu miaka mitatu iliyopita wako wapi leo. Likizo zake atafute ofisi ya ardhi ya wilaya au bodi ya bonde, hata bila malipo, akajifunze kazi inavyofanywa. Chuo kikishindwa kumjibu swali la tatu, ahamie kingine.

Swali hilo la tatu ndilo tunaloligeuza kwenu wasomaji. Miongozo ya udahili inaeleza sifa za kuingia, ada na muda wa masomo. Mhitimu alipoishia hapamo. Kama ulisoma jiografia, tuandikie: mwaka uliomaliza, chuo, miezi uliyongoja, kazi ya kwanza na mshahara wake, deni lililobaki. Majina ya watu hatutayachapa. Ya vyuo tutayachapa.