Mali Bila Daftari



Wazee wetu walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Twaukumbuka tunapohesabu fedha za chama au magunia ya kahawa, lakini mara nyingi twausahau kwa mali iliyo kubwa kuliko zote tulizo nazo, yaani ardhi. Katika vijiji vingi vya Ngara na Biharamulo, shamba lililorithiwa kwa babu lina msale kuwa mpaka wake na kumbukumbu ya majirani kuwa ushahidi wake. Aliyenunua naye ana karatasi iliyochanwa katika daftari la shule, yenye majina ya mashahidi na pengine mhuri wa mtendaji, nayo imekunjwa ndani ya sanduku.

Kumbukumbu ya jirani hutosha endapo jirani hahami wala hafi. Lakini wilaya zetu ni wilaya za watu wanaokuja na kuondoka. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu laki mbili walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikawa mji wa mahema. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga, watu wengi waliondoka Kagera kwa haraka, wakaacha nyumba na mashamba. Wafugaji na wakulima kutoka Usukuma wameendelea kuingia Biharamulo wakitafuta malisho na udongo. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 2021 mradi wa nikeli wa Kabanga ulipata leseni ya kuchimba. Kila jambo la namna hii linapotokea, swali huwa moja: ardhi hii ni ya nani, na imeandikwa wapi? Hata fidia huanza kwa kuuliza jina.

Tuseme wazi kwanza kwamba asiye na hati si mvamizi. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inaipa haki hiyo hadhi sawa na ile ya anayemilikishwa ardhi na serikali. Basi mtu yeyote asitishwe kwamba shamba lake si lake kwa kuwa hana karatasi. Hata hivyo, haki isiyoandikwa humlazimu mwenyewe kuithibitisha upya kila anapotokea mwenye nguvu.

Njia ya kuiandika inajulikana. Mwananchi huomba kwa Halmashauri ya Kijiji. Mipaka huhakikiwa shambani mbele ya majirani, na mwenye pingamizi husikilizwa. Ardhi inayogawiwa upya haiwezi kutolewa na mwenyekiti peke yake wala na Halmashauri peke yake. Sharti Mkutano Mkuu wa Kijiji uridhie kwanza. Hati ya haki miliki ya kimila husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na mwenye ardhi hutia saini au dole gumba. Kisha hupelekwa wilayani, ambako afisa ardhi huisaini, huipiga muhuri na kuisajili. Hapo ndipo wengi huishia njiani. Wakipata saini za kijijini hudhani kazi imekwisha, kumbe hati isiyosajiliwa wilayani haijakamilika.

Tena, vijiji hugawanywa na wilaya hukatwa. Chato ilitolewa katika Biharamulo mwaka 2005, na mwaka 2012 ikaingia katika mkoa mpya wa Geita. Penye mgawanyo kama huo, mwenye ardhi hana budi kuuliza kumbukumbu zake ziko katika masjala ipi, na kuhakikisha kwa macho yake kwamba jina lake limo.

Lakini tusilifanye daftari kuwa mkombozi. Daftari huandika kile kilicholetwa mbele yake. Wakiandika jina la mume peke yake, mke aliyelima miaka ishirini hubaki mgeni katika shamba lake, na safari hii kwa muhuri wa serikali. Mjane ambaye shemeji zake wamekwenda kuhakiki mpaka bila yeye, yatima anayelelewa na baba mdogo, mzee asiyeweza kutembea hadi shambani: hao wote waweza kupoteza kwa siku moja ya uandikishaji kile ambacho kumbukumbu ya majirani iliwatunzia kwa miaka mingi. Dhuluma iliyoandikwa ni ngumu kufuta kuliko ile ya maneno.

Sheria haiwapi wadhalimu kisingizio cha mila. Mwaka 1990, katika shauri lililoanzia Muleba, mkoani mwetu, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu mjini Mwanza alikubali mwanamke aliyerithi shamba la baba yake aliuze kama mwanamume awezavyo, na akaikataa mila iliyomzuia kwa sababu ya jinsia yake. Sheria ya mwaka 1999 nayo inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au wenye ulemavu haki ya ardhi. Inataka kamati ya uhakiki, yenye wajumbe wasiozidi tisa, iwe na wanawake wasiopungua wanne, na baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, liwe na wanawake watatu. Viti hivyo vikijazwa na majina ya kusindikiza tu, wa kulaumiwa ni sisi tuliopiga kura.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo mambo matatu. Kwanza, kabla ya uhakiki kufika kijijini, ijulikane ni wajane, yatima, wazee na wagonjwa gani wenye ardhi, na kila mmoja apate mtu wa kumsindikiza siku ya mpaka wake. Pili, kila familia izungumze nyumbani kuhusu majina yatakayoandikwa, na jina la mke liwemo pamoja na la mume. Tatu, anayenunua asiridhike na karatasi ya mashahidi. Aulize kama Halmashauri ya Kijiji imekubali, na kama mke au mume wa muuzaji ameridhia.

Mtendaji ndiye mtunza daftari la ardhi la kijiji, lakini daftari si mali yake. Twendeni tukaombe kusomewa ukurasa wetu, wakati mashahidi wa mipaka yetu wangali hai.