Kabla ya Mashine ya Kupumulia, Aajiriwe Muuguzi

Hospitali ya wilaya ikipata fedha za kuokoa watoto njiti, ianze na nini? Wengi watataja mashine za kupumulia kama zilizoko hospitali za rufaa. Mimi nasema ianze na wauguzi.

Mapafu ya njiti mara nyingi hayana safaktanti ya kutosha. Huo ni utando unaozuia vifuko vya hewa visinywee kila mtoto anapotoa pumzi. Mary Ellen Avery na Jere Mead walibainisha upungufu huo mwaka 1959. Hata hivyo, Agosti 1963, Patrick, mtoto wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alizaliwa kabla ya wakati na kufariki siku mbili baadaye. Cheo cha baba hakikumfaa kitu, kwa kuwa tiba ilikuwa haijapatikana.

Leo tiba ipo, na sehemu yake kubwa haihitaji mitambo ya kifahari. Huko Blantyre, Malawi, madaktari walitumia CPAP rahisi inayosukuma hewa puani ili mapafu yasinywee. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa asilimia 71 ya waliowekewa kifaa hicho walipona, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa oksijeni ya kawaida.

Lakini CPAP haijisimamii. Mirija huchubua pua, tumbo hujaa hewa, maji ya chupa inayodhibiti msukumo wa hewa hupungua. Oksijeni ikizidi huweza kumpofusha mtoto; ikipungua, huweza kumuua. Nani ataliona hilo saa tisa usiku, ikiwa muuguzi mmoja ameachiwa wodi nzima?

Sindano ya deksamethasoni, anayochomwa mama ili kukomaza mapafu ya mtoto, inatoa funzo lilelile. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa hospitalini katika nchi tano, Kenya ikiwemo, ulionyesha mwaka 2020 kuwa vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Lakini utafiti mwingine wa mwaka 2015, uliosambaza dawa za aina hiyo hadi vijijini, ulishuhudia vifo vikiongezeka. Dawa bila kipimo sahihi cha umri wa mimba na bila uangalizi wa mtoto haikuwa tiba.

Ni kweli, wapo watoto ambao CPAP haiwatoshi. Hao wapelekwe hospitali ya rufaa yenye mashine za kupumulia na wataalamu wake, kwa gari lenye oksijeni na mtu wa kuwahudumia njiani. Kuzitawanya mashine hizo kila wilaya bila wataalamu ni kununua vyuma vya kufunikwa shuka.

Tanzania ilikuwa na vifo 24 vya watoto wachanga katika kila vizazi hai 1,000 kwa takwimu za 2022. Lengo ni visizidi 12 ifikapo 2030. Wabunge na madiwani, bajeti ijayo ikisomwa, msiishie kuuliza zimenunuliwa mashine ngapi. Ulizeni usiku kuna wauguzi wangapi wodini.