Bedford la jeshi linakwenda kusomba pamba Kasoli

Kama uliniona wikiendi iliyopita niko chini ya uvungu wa lori, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni, usianze kueneza habari mjini kwamba kalamu imenishinda nimehamia gereji. Hayo ni mambo ya ukoo tu.

Kaka yangu mkubwa yuko Dar. Katoka Kasoli, kule Bariadi, mkoa wa Simiyu, na mshiko wa ng'ombe waliouzwa pamoja na akiba ya misimu miwili ya pamba. Kaja kununua lori. Mimi nikajua atachukua Fuso kama watu wote. Wapi! Jamaa kaingia kwenye yadi moja, katoka na Bedford la jeshi la Uingereza, aina ya MK, tani nne, la kijani kibichi na turubai la mabakamabaka juu yake. Washkaji zangu wa mtaani walipoliona wakauliza kama tunakwenda kupindua nchi.

Wanaoijua Usukumani hawacheki. Ule udongo mweusi wa mbugani mvua ikinyesha unageuka gundi. Msimu wa kununua pamba huwa unafunguliwa Mei, na mvua za mwisho hazina adabu, zinaweza kukukuta shambani na marobota. Fuso linazama mpaka kwenye difu, watu wanakata matawi, wanasukuma, pamba inalowa. Lori linalovuta tairi zote nne linatoka. Pamba yenyewe ni kubwa kwa umbo lakini nyepesi, kwa hiyo tani nne zinatosha kuzunguka vijijini na kupeleka kiwandani. Kwa hesabu za kaka, dili ni babu kubwa.

Kasheshe lilianza na neno moja alilouziwa pamoja na gari. Muuzaji alimwambia: "Mzee, hili ni jipya. Limekaa tu stoo, halijatembea." Saa ya gari inasoma maili 19,000. Kaka akaniambia kwa furaha, "Mdogo wangu, tunaweka wese Ijumaa, Jumapili tunakunywa maziwa nyumbani."

Nikamwambia, "Kaka, shikamoo, lakini Ijumaa hatuondoki."

Gari la barabarani linachoka kwa kukimbia. Gari la jeshi lililostaafu linaoza kwa kukaa. Saa inahesabu maili, haihesabu miaka, na MK ilianza kazi jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1970. General Motors walikiuza kiwanda chake cha Dunstable mwaka 1987, na kampuni iliyokinunua ikafilisika mwaka 1992. Kwa hiyo hata MK changa kabisa ina umri wa kuwa na wajukuu. Miaka yote hiyo mipira ilikuwa inakauka, maji yanaingia kwenye mafuta ya breki, na dizeli iliyobaki tenki inafanya utelezi kama bamia.

Na hii siyo mara ya kwanza nchi yetu kuonja kitu hicho. Safari ya kaka lazima ipite Mbande, pale inapochepuka njia ya Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa kulima karanga kwa mbwembwe. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha, matrekta mapya hayapatikani, wakazoa mitambo iliyoachwa na majeshi, mingine imetoka mpaka Ufilipino. Vifaru vya Sherman navyo vikageuzwa matrekta, vikaitwa Shervick. Kwa macho ilikuwa mitambo ya nguvu. Ilipoanza kugusana na visiki na udongo mgumu wa Ugogo, ikawa inakufa kwa mafungu huku spea ziko ng'ambo ya bahari. Mwaka 1951 mradi ukazikwa, mamilioni ya pauni yamekwenda. Walikuwa na serikali nzima nyuma yao. Kaka yangu nyuma yake ana ng'ombe waliobaki, na hao ndio mahari ya vijana wake.

Basi tukaanza na tairi. Ukizitazama utazipenda, meno marefu kama ya mamba. Nikamwita kaka nikamwonyesha tarakimu nne zilizoandikwa ubavuni: 1406. Maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2006. Tairi ina umri wa kijana anayetafuta mchumba! Tukakunja kidogo ubavu, nyufa zikafunguka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Tairi ya namna hiyo kwenye yadi haina neno. Ipashe moto kutwa nzima kwenye lami kati ya Dodoma na Singida, jua la saa nane, mzigo juu, inapasuka, na ikiwa ya mbele usukani unakwenda unakotaka wenyewe. Kaka alinyamaza muda mrefu. Tairi tano pamoja na ya akiba ni fedha ya ng'ombe wengine.

Hapo hapo tahadhari kwa wale vijana wa kuziba pancha. Ringi za malori ya zamani nyingi ni za vipande, na baadhi ya zile za kijeshi ni nusu mbili zilizofungwa kwa nati, mara nyingi nati zenyewe zimepakwa rangi nyekundu. Rangi hiyo siyo urembo. Ukizifungua upepo ukiwa bado ndani, ringi inaruka na kichwa chako. Toa upepo wote kwanza, toa na sindano ya valvu, ndipo ushike spana.

Breki ndizo zilizomaliza ubishi. Za Bedford hili ni mchanganyiko wa upepo na mafuta: upepo unasukuma, mafuta yanabana. Fundi wetu, mzee mmoja aliyezeeka na Bedford tangu enzi hizo, alifungua magurudumu yote bila kuuliza mtu. Silinda mbili za nyuma zilikuwa zimeganda, pistoni hazirudi. Mafuta ya breki yalitoka rangi ya chai ya rangi. Akamtazama kaka, akasema, "Bwana mkubwa, hapa yadini lingesimama. Sekenke lisingesimama."

Kwa mtoto wa mjini ambaye hajapita huko: ukitoka Singida kwenda Igunga, kuna mlima Sekenke, unashuka kuelekea Shelui na mbuga za Wembere. Ule mlima unajulikana kwa kumeza malori. Kushuka kwake ni kwa gia, siyo kwa mguu juu ya breki mpaka zinuke. Tangu siku ile kaka hakutaja tena Ijumaa.

Mengine tuliyapitia kwa haraka zaidi. Tenki limeshushwa, limeoshwa, filta mpya na nyingine mbili za akiba, maana uchafu wa tenki hauishi siku moja. Hosi zote za rejeta na mikanda ya feni imetupwa. Injini, silinda sita lita 5.4, ilizungushwa kwa mkono kwanza kabla ya kupigwa stata. Umeme ni volti 24 kama Scania, hivyo balbu siyo shida. Taa ndizo zilizotuchekesha. Swichi yake ina nafasi nyingi kama redio ya mbao, na nafasi moja ni ya msafara wa vitani: taa kubwa zinazimika, kinabaki kitaa kimoja uvunguni kinachomulika difu iliyopakwa rangi nyeupe, ili lori la nyuma lifuate bila adui kuona. Fundi umeme mmoja kijana alitaka kulipwa kwa kubadilisha waya zote, kumbe ni swichi tu.

Kaka naye alikuwa na lake. Alitaka lile turubai la mabaka na rangi ya kijani vibaki, "trafiki watuogope." Kaka wewe! Mwezi Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya jeshi kuyasalimisha. Unataka upite vizuizi vyote mpaka Bariadi umefanana na kikosi? Lori limepakwa bluu na nyeupe, turubai jipya la kawaida. Namba za usajili na bima viko tayari, pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto viko nyuma ya kiti. Leseni ya kaka haina daraja E la malori, kwa hiyo dereva ni mwingine, na hilo lilimuuma kuliko bei ya tairi. Siku mbili alikuwa ananijibu kwa mkato.

Halafu mzigo. Hapa nakiri kaka alikuwa na hoja. Kutoka Dar mpaka Kasoli kwa Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Tinde, Shinyanga, kisha Mwigumbi na Maswa, ni zaidi ya kilomita 1,100. Mimi nilipiga hesabu ya lita moja kwa kilomita tatu, ikaja kama lita 370. "Hizo lita analipa nani? Wewe na gazeti lako?" Alikuwa ameshaongea na mtu wa saruji, mifuko 120. Mifuko 120 ya kilo 50 ni tani sita kwenye lori la tani nne, na kila gari linalozidi tani tatu na nusu linapanda mizani: Vigwaza, Nala, Njuki na kwingineko. Na juu ya saruji alishaahidi nafasi kwa vijana wanne wa nyumbani wanaorudi, kwa sababu lori lina mabenchi ya askari.

Tulibishana mpaka shemeji akapiga simu kutoka Kasoli kuuliza kulikoni. Yeye ndiye aliyekata shauri, maneno machache tu: ng'ombe wameuzwa, watu hawauzwi. Mifuko imekuwa 40. Mabenchi yamefunguliwa, vijana wanapanda basi na nauli wanajitafutia.

Jumanne tulifanya safari ya majaribio hadi Kibaha na kurudi, tupu. Usicheke, hiyo ndiyo shule. Kila baada ya muda tunasimama, dereva anashuka anagusa kitovu cha kila gurudumu kwa mkono. La moto kuliko wenzake ujue breki inabana au beringi inalia. Mbele kushoto lilikuwa la moto, na oili inavuja ndani. Sili imekauka. Gia ya kuvuta tairi za mbele tuliiacha imezimwa safari yote, maana kwenye lami kavu inakula mitambo bure. Hiyo ni ya kule mbugani. Mwendo kilomita 60 kwa saa, basi. Kelele ndani ya kabini, usipime, mnazungumza kwa ishara kama mabubu.

Kwa hiyo tuko hivi: safari siku tatu, kulala Dodoma na Igunga, hakuna kuendesha usiku. Utingo ana magogo mawili ya kuzuia tairi na dumu la maji. Kaka kaongeza mwenyewe mfuko wa spana na jeki ya pili, na juzi nilimkuta amelala chali uvunguni anakaza nati ambayo hakuna aliyemtuma. Kinachotuzuia sasa ni ile sili ya mbele. Kariakoo wametupa mbili, zote zimepwaya. Mzee fundi anasema kuna jamaa Gerezani wanapata spea za Bedford kutoka Pakistan, ambako malori haya bado yanachapa kazi yamepambwa kama bibi harusi. Kesho alfajiri tunakwenda huko, mimi na kaka, na ile ya zamani mfukoni kwa kipimo.